Pasta na Jamaa: Jua la saa sita na uso wa mtu

Sisi hapa Kyavinyonge tunaendelea. Samaki leo wanapatikana, kesho wanakosekana, lakini Mungu ni mwema.

Mwezi huu nimepata swali ambalo si la ndoa, si la deni, wala si la pombe. Kijana mmoja anayechimba dhahabu ananiandikia hivi: "Pasta, nilienda na muchumba wangu kwa maporomoko ya maji tupige foto. Ilikuwa saa sita, jua kali sana. Telefoni yangu ni ya muzuri, nililipa franga mingi. Lakini kwa ile foto maji iko nyeupe kama kitambaa, na sura ya muchumba haionekane, iko nyeusi tu. Ye alikasirika. Anasema mimi sijue kazi. Sasa kosa ni ya telefoni ao ni yangu?"

Najua wengine watacheka na kuuliza: pasta anatafuta nini katika mambo ya foto? Ndugu zangu, ninajibu kwa sababu kosa la kijana huyu nimelifanya mimi mwenyewe mbele yake, na nimelibeba moyoni karibu miaka ishirini. Sikilizeni kwanza habari yenyewe, kisha tutafundishana.

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya Biblia. Tulipeleka vijana wa kanisa kukaa siku tatu Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, pale mto Butahu unaposhuka kwa nguvu kati ya mawe. Nilikuwa nimeazima kamera ndogo ya filimu, ile inayojipimia mwangaza yenyewe. Filimu moja ilikuwa na foto 36, na kila foto ilikuwa feza. Siku ya mwisho, saa sita, nilibaki na foto moja tu. Kijana mmoja wa hapa Kyavinyonge, mtoto wa mama mjane, akaniambia: "Pasta, unipige na maji nyuma, mama aone fasi nilifika." Akasimama juu ya jiwe, akacheka. Nikapiga. Nilifurahi kwamba filimu imeisha vizuri.

Miezi michache nyuma akaenda kwenye mashimo ya dhahabu kutafuta feza ya kujenga nyumba ya mama yake. Hakumaliza mwaka. Shimo lilianguka, yeye na wenzake ndani.

Katika matanga, watu wakatafuta foto yake ya kuweka mezani. Haikuwako. Karatasi zake za shule zilikuwa zimepotea wakati wa kukimbia vita. Ndipo nikakumbuka ile foto ya Mutwanga, nikaileta mbio. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa meupe, shati ilionekana, jiwe lilionekana. Uso ulikuwa mweusi kama kaa la moto lililozimika. Mama akaigeuza kuelekea dirisha, akaigeuza tena. Kisha akaniuliza polepole: "Pasta, mutoto wangu iko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejifunza mahubiri ya kilio, lakini neno la kumjibu mama yule sikulipata.

Nikachukua negativu, nikapanda mpaka Butembo kwa mzee mmoja mpiga foto. Aliiweka mbele ya taa, akaiangalia muda mrefu. Akaniambia: "Muchungaji, jua haikukosa. Kamera haikukosa. Wewe njo ulipima maji, hukupima muntu." Akaichapa upya ili itoke nyeupe zaidi. Maji yakapotea kabisa, karatasi ikabaki nyeupe upande ule. Lakini katika uso yakatokea kidogo paji la uso na meno ya kucheka. Niliporudisha, mama alisema neno moja: "Ni yeye. Meno ni yake." Foto ile iko ukutani kwake hata leo.

Basi kijana, jibu langu la kwanza ni hili: telefoni yako haina kosa. Ulipima maji, hukupima mtu. Sasa nikueleze maana yake.

Jicho na kamera si kitu kimoja

Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnajua jambo hili kuliko sisi wengine. Mtu akitoka shimoni saa sita, anafunika macho kwa mkono. Jua linamchoma. Baada ya dakika chache tu, macho yamezoea. Na akirudi ndani gizani, macho yanahitaji muda mrefu zaidi, hata karibu nusu saa, mpaka yaone vizuri. Mungu ameliumba jicho lijifungue na kujifunga lenyewe. Tunapotazama maporomoko, jicho linaruka: linatazama maji meupe, linajifunga kidogo, linatazama uso wa mchumba kivulini, linajifungua. Mwishoni tunafikiri tumeona vyote mara moja.

Kamera haina bahati hiyo. Inachagua kiasi kimoja cha mwangaza kwa foto nzima. Ikichagua kwa ajili ya maji, uso unaingia gizani. Ikichagua kwa ajili ya uso, maji yanaungua na kuwa meupe matupu. Telefoni za sasa zinajaribu kupiga foto mbili au tatu kwa haraka na kuziunganisha, na hiyo inasaidia. Lakini jua la saa sita juu ya maji yenye povu linazishinda hata hizo.

Tena, kamera haijui kama inatazama maji, shati au mtu. Yenyewe inapima mwangaza wote ulio mbele yake, kisha inatafuta katikati, rangi ya kijivu, si nyeupe si nyeusi. Ukijaza foto na maji meupe, inasema: "Hapa kuna mwangaza wa kupita kiasi," inapunguza, na kila kitu kinakuwa cheusi. Ukijaza foto na msitu na mawe meusi, inasema: "Hapa kuna giza," inaongeza, na ule mstari mwembamba wa maji katikati unaungua. Kwa hiyo kosa linaweza kuja pande mbili. Mwenye kujua anaisahihisha kamera. Asiyejua anaitii.

Na kwa sisi watu weusi kuna jambo moja zaidi. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikituma kwenye nyumba za kuchapa foto kadi yenye foto ya mwanamke mzungu. Wachapaji waliiita kadi hiyo "Shirley". Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo: ikitoka vizuri kwake, basi mashine iko sawa. Ni katika miaka ya 1990 tu ndipo ilitoka kadi yenye wanawake watatu: mzungu, mweusi na wa Asia. Kwa hiyo kwa miaka mingi mizani ilikuwa haikuwekwa kwa ajili yetu. Simwambii mtu achukie. Ninasema hivi ili mama asidhani kwamba uso wake ni mbaya katika foto. Uso wake ni mzuri. Kipimo ndicho kilikuwa cha mtu mwingine.

Jua letu la mstari wa kati

Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubui na linaingia karibu saa kumi na mbili mangaribi, mwaka mzima. Halizunguki pembeni kama kule Ulaya. Linapanda wima kama mtu anayepanda ngazi. Kila saa moja linapanda karibu digri 15. Saa tatu asubui tayari liko nusu ya njia ya kwenda juu ya kichwa. Saa sita, hasa mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, linasimama karibu juu ya utosi, na kivuli chako unakikanyaga kwa miguu.

Sasa angalia mtu aliyesimama chini ya jua la namna hiyo. Paji la uso linang'aa, pua inang'aa, lakini macho yako ndani ya mashimo mawili meusi. Hata bibi arusi anatoka kama mgonjwa. Ongeza maji meupe nyuma yake, na mawe yaliyolowa yanayong'aa kama kioo, ndipo utapata foto ya rafiki yetu.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni la saa. Wageni wameandika katika vitabu vyao kwamba mwangaza mzuri ni wa asubui na mangaribi. Ni kweli, lakini kwetu mwangaza huo ni mfupi. Uwe umefika mahali saa kumi na mbili na nusu. Mpaka saa mbili umemaliza. Mangaribi anza baada ya saa kumi. Wavuvi wetu hapa Kyavinyonge wanaporudi asubui, nyuso zao ni nzuri sana, mwangaza unawapiga kwa upole kutoka upande. Saa sita ziwa lote linakuwa bati jipya, hutaona mtu.

Shauri la pili: usikasirikie mawingu. Watu wengi wanaahirisha foto kwa sababu mbingu imefunikwa. Ni kinyume. Wingu ni kitambaa ambacho Mungu ametandika mbele ya taa kali. Siku ya mawingu, maji yanatoka na nyuzi zake zote, majani yanakuwa kijani kweli, na macho ya mtu yanaonekana. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi, mtu wa jamaa ya kifalme ya Italia, alipanda Ruwenzori pamoja na mpiga foto Vittorio Sella. Mlima ule, sisi tunaouona toka hapa tunajua, unajificha ndani ya mawingu siku nyingi. Sella alibeba kamera nzito, na foto zake zinasifiwa mpaka leo. Basi tusiseme kwamba wingu linaharibu kazi.

Shauri la tatu: ujue maporomoko yako yanatazama wapi. Mengine yako ndani ya bonde jembamba. Ukuta wa mlima unayafunika asubui, na jua linayafikia saa nne tu. Hapo una nafasi ndefu ya kivuli. Mengine yako wazi kabisa, kama yale ya Wagenia karibu na Kisangani, ambako mto ni mpana na wavuvi wanafunga miti mikubwa juu ya maji ya kasi. Pale hakuna kivuli cha kukusaidia, saa tu ndiyo itakusaidia. Uliza watu wa mahali. Mtoto anayechota maji pale kila siku atakuambia vizuri kuliko kitabu.

Kama umefika saa sita na huwezi kungoja

Najua maisha yenu. Siku ya kupumzika ni moja, motari ya kukupeleka inataka kurudi, na mchumba amevaa tayari. Basi fanya hivi.

Kwanza, tenganisha foto ya maji na foto ya mtu. Usitake vyote katika moja. Kwa foto ya maji, gusa kwa kidole kwenye kioo cha telefoni pale maji yanapong'aa zaidi. Patatokea alama ndogo ya jua, uishushe kidogo mpaka uone nyuzi za povu. Afazali mawe yawe meusi kidogo. Katika telefoni, cheusi unaweza kukiinua kidogo baadaye. Lakini cheupe kilichoungua hakirudi tena, hakuna kitu ndani yake. Kwa filimu ya negativu ya zamani ilikuwa kinyume: yenyewe iliteseka zaidi kwa giza, ndiyo maana uso wa yule kijana haukurudi wote.

Pili, mtu umtoe juani. Mlete chini ya mti, au chini ya mwamba, au penye kivuli cha nyumba, lakini uso wake utazame upande uliofunguka, pale mwangaza unapoingia. Usimweke chini ya majani yenye matundu, maana jua litapita na kumtia madoa kama chui. Maji yaonekane kidogo pembeni, si nyuma yake yote. Kisha karibia. Karibia tena. Gusa uso wake kwenye kioo cha telefoni, ili kamera ipime uso. Maji yakiungua, yaache yaungue. Hukwenda pale kuoa maji.

Tatu, kama hakuna kivuli, geuza mgongo wake kwa jua na uwashe flashi, mchana ule ule. Watu wanacheka: "Flashi mchana?" Ndiyo, mchana ndiyo kazi yake moja kubwa: inajaza yale mashimo ya macho. Lakini flashi ya telefoni ni ndogo, inafika hatua moja au mbili tu. Kama haitoshi, mwambie ndugu ashike kitambaa cheupe, au shuka, au hata gunia jeupe la unga, mbele ya yule mtu kwa chini kidogo, jua lipige kitambaa na kurudi usoni. Jaribu tu, utaona macho yanafunguka. Mimi natumia kitambaa cha meza ya Bwana, kile cha zamani kisichotumika tena, na wazee wa kanisa wamenisamehe.

Nne, watu wengine wanapenda yale maji yanayoonekana laini kama pamba. Hayo hayatoki kwa kupaka rangi. Kamera inaachwa wazi muda mrefu, kama robo ya sekunde, na maji yanapita mbele yake. Wakati wa jua kali hilo ni gumu, na nitakuonyesha kwa hesabu. Wapiga foto wa zamani walikuwa na kanuni: jua likiwa kali, weka tundu la kamera kwenye 16, na mwendo uwe sawa na namba ya filimu. Filimu ya 100, mwendo ni karibu 1/125 ya sekunde. Ukifunga tundu mpaka 22, unapata karibu 1/60. Ili kufika 1/4 lazima upunguze nusu, na nusu tena, na nusu, na nusu: mara nne. Ndiyo kusema mwangaza uingie sehemu moja tu kati ya 16. Kwa hiyo wanaweka kioo cha kijivu mbele ya kamera, na kamera inasimama juu ya miguu mitatu isitikisike. Asiye na kioo hicho angoje mangaribi, maana giza linafanya kazi ile ile bure. Na anayetaka kila tone lionekane limesimama hewani, yeye jua kali linamfaa: 1/500 ya sekunde au chini yake.

Kama una miwani ya jua ya aina ile inayokata mng'ao wa maji, iweke mbele ya jicho la telefoni, uizungushe polepole. Kuna mahali mng'ao wa mawe na majani yaliyolowa utapotea. Si miwani yote inafanya hivyo, jaribu yako.

Na upinde wa mvua? Wengi wanautafuta penye maporomoko. Jua lazima liwe nyuma yako na liwe chini kidogo. Likipanda kupita digri 42 hivi, upinde unashuka chini ya macho yako. Utauona tu kama umesimama juu na kutazama moshi wa maji chini. Kule Uganda, mto Nili unajibana kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka karibu mita 43. Ni maporomoko ambayo Samuel Baker na mke wake Florence waliyafikia mwaka 1864 na kuyapa jina la Murchison. Pale upinde unaonekana mara nyingi katika ule moshi. Na mjue kwamba maji yetu ya hapa yanatoka ziwani kwa mto Semliki, pale Ishango, yanakwenda mpaka ziwa Albert, na huko yanakutana na maji yaliyoanguka Murchison. Ziwa letu na maporomoko yale yana mtoto mmoja.

Tahazari

Ninawaomba kama mzazi. Usirudi nyuma ukiwa unatazama ndani ya telefoni. Jiwe lililolowa halina huruma. Usimsukume mchumba asimame pale ambapo wewe mwenyewe unaogopa kusimama. Huku kwetu ziwani na mtoni kuna kiboko, naye hajali kwamba unapiga foto. Hapa tuko ndani ya hifadhi ya Virunga: fuata maneno ya walinzi. Penye daraja, penye mtambo wa umeme, penye kizuizi cha askari na penye mashimo, uliza ruhusa kwanza, ao uache telefoni mfukoni. Foto moja inaweza kukuletea maneno ya wiki nzima. Na mtu anayeoga au kufua mtoni si maua. Usimpige bila kumwomba.

Neno la mwisho

Mtume Paulo anasimulia katika Matendo, sura ya 22 na ya 26, kwamba mwangaza wa mbinguni ulimpiga njiani karibu saa sita ya mchana, nao ulishinda jua. Aliona mwangaza kiasi cha kutoona kitu kingine. Ilibidi wenzake wamshike mkono. Mwangaza ule ulikuwa wa Mungu, ulimponya. Lakini kuna mwangaza mwingine unaopofusha na hauponyi, nanyi mnaujua, maana mnaufukua kila siku.

Ninasema na baba wa jamaa. Unaposimama shimoni, mbele yako kuna kitu kinachong'aa sana. Roho yako inafanya kama kamera: inapima kile kinachong'aa, na kila kingine inakitia gizani. Mke anakuwa kivuli. Watoto wanakuwa nukta nyeusi mbele ya maji meupe. Si kwamba huwapendi. Hata mimi nilimpenda yule kijana. Lakini nilipima maji, sikumpima yeye. Na siku ya kuulizwa, "Mutoto wangu iko wapi hapa?", mtu hawezi kujibu kwamba maji yalikuwa mazuri.

Dawa yake ni ile ile. Karibia. Karibia tena. Weka kidole juu ya uso. Ukifika nyumbani, kabla ya kuhesabu feza, mtazame mama watoto, muulize usiku walilala namna gani. Dhahabu ikiungua kidogo pembeni, iache iungue.

Basi kijana wangu, nakupa kazi mbili. Ya kwanza, rudi na mchumba kule kwenye maporomoko, lakini mfike saa moja asubui, na umwombe musamaha njiani. Ya pili ni kwenu wote mnaosoma ukurasa huu. Kabla ya kurudi shimoni juma linalokuja, keti kwenye mlango wa nyumba, kivulini, uso utazame nje, na mtu akupige foto moja nzuri ambayo macho yako yanaonekana. Mpige na mama yako vile vile. Msiiache ndani ya telefoni peke yake, maana telefoni inaibiwa, inaanguka majini. Ichapeni, muiweke ndani ya Biblia ya nyumba.

Siombi ili foto hiyo itumike matangani. Naomba watoto wenu waione wakiwa wakubwa, nanyi mkiwa wazee wenye meno machache, muicheke pamoja.

Bwana awafunike na kivuli chake wakati wa jua kali. Tuonane mwezi ujao.

Ni mimi pasta wenu, Kyavinyonge.